Mabega, nyonga na kimo: lini upasuaji, lini kuukubali mwili

Mwanamke transijenda, yaani mwanamke aliyeandikiwa jinsia ya kiume alipozaliwa, anayeanza estrojeni (homoni ya kike) akiwa mtu mzima hugundua mapema kwamba homoni hufika mahali zikaishia. Ngozi hulainika, matiti huota, mafuta huhamia mapajani na makalioni, misuli ya mabega na mikono hupungua. Mifupa haisogei. Upana wa mabega, urefu wa miguu, umbo la mbavu na nafasi kati ya nyonga mbili viliamuliwa na testosteroni, homoni ya kiume, wakati wa balehe, na ncha za mifupa zinazokua zikishafunga hakuna kidonge cha kuzifungua tena. Hapo ndipo wanapotokea madaktari wachache wanaotoa upasuaji wa mifupa ya kiwiliwili: kufupisha mitulinga, mifupa inayounganisha kidari na bega, ili mabega yawe membamba, kutoa au kukunja mbavu, kupanua nyonga, kufupisha miguu.

Wengi huliweka swali hivi: nipasuliwe au nijikubali? Likiwekwa hivyo, mtu hujikuta anachagua kati ya tumaini na kukata tamaa, na mwenye dhiki hatachagua kukata tamaa. Ukweli ni kwamba mambo haya mawili hufanya kazi tofauti. Upasuaji hubadili sentimita. Kujikubali hubadili ukubwa wa nafasi ambayo sentimita hizo huchukua katika siku ya mtu: saa anazotumia mbele ya kioo, safari anazoghairi, nguo asizothubutu kuvaa. Anayepasuliwa bila kuigusa kazi ya pili anaweza kuamka na mabega mapya na kuanza kuyachunguza kama alivyochunguza ya zamani. Na anayeambiwa ajikubali huku uso wake ukimletea matusi kila siku barabarani amepewa ushauri mwepesi kwa mzigo mzito.

Kwa hiyo maswali ya kweli ni matatu. Ni dhara gani hasa ninalotaka liondoke? Je, sentimita ambazo upasuaji huu hutoa zinaliondoa? Na nikikosea, naweza kurudi nyuma?

Upasuaji uliokomaa na ule wa majaribio

Si haki kuuita upasuaji wote wa wanawake transijenda wa majaribio. Ujenzi wa uke kwa ngozi ya uume ulianzishwa na daktari Georges Burou huko Casablanca mwaka 1956, na tangu wakati huo umefanywa kwa maelfu ya watu, ukaboreshwa, ukaandikwa, na matatizo yake yanajulikana kwa majina. Upasuaji wa kulainisha uso ulijengwa na Douglas Ousterhout huko San Francisco kuanzia miaka ya 1980, kwa kupima mafuvu ya wanaume na wanawake na kujifunza namna ya kurudisha nyuma mfupa wa paji la uso unaofunika sinasi, uwazi wenye hewa ulio nyuma yake. Una hatari zake, lakini daktari anaweza kukueleza hatari hizo kwa idadi.

Kufupisha mitulinga, kukunja mbavu na kupanua mfupa wa nyonga kuko mahali pengine kabisa. Mwaka 2009 kundi la madaktari na wataalamu wa utafiti lilichapisha katika jarida la Lancet mpangilio uitwao IDEAL, unaoeleza hatua ambazo upasuaji mpya hupitia. Hatua ya 1 ni wazo, mgonjwa mmoja au wachache. Hatua ya 2a ni kuendeleza mbinu, ambapo daktari bado anabadilisha namna ya kukata. Hatua ya 2b ni madaktari kadhaa kulinganisha matokeo. Hatua ya 3 ni kupima upasuaji huo dhidi ya tiba nyingine, na ya 4 ni kufuatilia kwa miaka mingi. Upasuaji wa mifupa ya kiwiliwili kwa ajili ya umbo la kike uko kwenye hatua za mwanzo. Kinachopatikana ni ripoti za wagonjwa wachache, mara nyingi zimeandikwa na daktari yuleyule anayeuza huduma, na ufuatiliaji wake ni wa miezi au miaka michache. Kila upasuaji ulianzia hapo, na si aibu. Lakini mgonjwa wa hatua ya 2a anapaswa kujua kwamba mbinu atakayofanyiwa huenda ikaachwa mwaka ujao na daktari huyohuyo.

Kuna takwimu moja inayotumiwa vibaya sana katika mazungumzo haya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya tafiti 27 zenye watu wapatao 7,900, ulikuta kwamba wanaojutia upasuaji wa kuthibitisha jinsia ni takriban asilimia 1. Kliniki ya jinsia ya Amsterdam, Uholanzi, iliyochapisha kumbukumbu zake za 1972 hadi 2015, ilikuta majuto kwa asilimia 0.6 ya wanawake transijenda walioondolewa korodani. Takwimu hizi zinahusu upasuaji wa via vya uzazi na kifua. Hazisemi lolote kuhusu mtulinga. Daktari akikuambia majuto ni asilimia 1 huku akikuonyesha picha za mabega, amechukua cheti cha mtu mwingine. Tena, katika kumbukumbu hizo za Amsterdam majuto yalijitokeza kwa wastani baada ya takriban miaka 10. Upasuaji ambao wagonjwa wake wa kwanza hawajafika miaka 10 hauwezi kudai kwamba haujutiwi.

Mitulinga: sentimita chache, gharama kubwa

Hapa panahitaji kukaa zaidi, kwa kuwa ndio upasuaji unaoulizwa sana na ambao matangazo yake huonekana rahisi.

Mtulinga wa mwanamume mzima una urefu wa takriban sentimita 15 hadi 16, na wa mwanamke ni mfupi kwa sentimita moja na nusu hivi kwa wastani. Daktari hupasua ngozi juu ya mfupa, hukata na kutoa kipande cha katikati, kwa kawaida cha sentimita 2 hadi 2.5 kila upande, kisha huziunganisha ncha na kuzikaza kwa bamba la chuma na skrubu. Baadhi hukata mshazari au kwa umbo la ngazi ili ncha zigusane kwa eneo kubwa zaidi na kuunga vizuri.

Upana unaopungua si jumla ya vipande viwili. Mtulinga hauelekei kando moja kwa moja. Umepinda, na unaelekea kando na nyuma kwa pamoja. Ukiufupisha, bega huingia ndani na pia husogea mbele. Sehemu ya sentimita ulizolipia huishia kwenye kusogea mbele huko, ambako kwa mtazamaji huonekana kama mabega yaliyokunjamana, wala si mabega membamba.

Na hapa kuna jambo ambalo kila anayefikiria upasuaji huu anapaswa kulisikia kutoka kwa daktari wa mifupa asiyeuza huduma hiyo. Mtu akivunjika mtulinga kwenye ajali na mfupa ukaungana ukiwa mfupi kwa sentimita 2, madaktari wengi wa ajali huona hiyo kuwa sababu ya kufikiria kumpasua ili kuurudishia urefu wake. Sababu ni kwamba mtulinga ndio mhimili pekee wa mfupa unaoushikilia mkono kwenye kiwiliwili. Ukiwa mfupi, kombe la bega huzunguka na kuinama mbele, misuli inayoinua mkono hufanya kazi ikiwa imelegea, na baadhi ya watu hubaki na uchovu wa bega wanaponyanyua vitu juu ya kichwa. Tafiti za ajali hazikubaliani kuhusu ukubwa wa tatizo hili, na kufupisha kwa mpangilio pande zote mbili si sawa na kuvunjika upande mmoja. Hata hivyo, mtu anayelipa ili apate kile ambacho daktari wa ajali hujitahidi kukiepuka anapaswa kupewa sababu nzito.

Mambo yanayoharibika yanajulikana kutokana na historia ndefu ya mabamba ya mtulinga. Neva ndogo zinazopita juu ya mfupa hukatwa au kuvutwa, na sehemu ya kifua chini ya kovu hubaki na ganzi, pengine daima. Bamba huonekana na kuguswa chini ya ngozi nyembamba, hasa pale mkanda wa sidiria au wa mkoba unapopita, na wengi hulazimika kurudi kuliondoa. Mfupa uliotolewa bamba hubaki na matundu ya skrubu na unaweza kuvunjika tena katika miezi ya kwanza. Chini kidogo ya mfupa kuna mshipa mkubwa wa damu wa mkono, fungu la neva za mkono mzima na kilele cha pafu. Tundu la kekee likipita kiasi, matokeo yake si madogo. Kovu la mahali hapa, kwenye ngozi inayovutwa kila mkono unaposogea, ni miongoni mwa yanayopenda kuvimba na kuwa keloidi, yaani kovu nene linalokua kupita jeraha lenyewe, na ngozi nyeusi iko katika hatari zaidi. Mwenye keloidi sikioni au kifuani aiseme mapema kabla ya kulipa chochote.

Tatizo linaloogopwa zaidi ni mfupa kutoungana. Nikotini ndiyo adui wa kwanza, iwe ya sigara, shisha au ile ya kielektroniki, kwa sababu hubana mishipa midogo inayolisha mfupa. Madaktari makini hudai mtu aache angalau wiki 4 hadi 6 kabla na asirudie mpaka picha za eksirei zionyeshe mfupa umeshikana. Upungufu wa vitamini D na lishe duni hufuata. Mfupa usipoungana, hufanyiwa upasuaji wa pili kwa mfupa wa kupandikiza, kwa kawaida kutoka nyonga, na maumivu ya mahali palipochukuliwa yanaweza kuwa makali kuliko ya begani.

Kupona kunahesabiwa hivi: mikono ikiwa imetundikwa shingoni kwa kitambaa kwa takriban wiki 6, mfupa kushikana kwa miezi 3 hivi, kazi nzito baada ya miezi 4 hadi 6. Pande zote mbili zikifanywa siku moja, kwa wiki za mwanzo mgonjwa hawezi kuchana nywele, kujisukuma atoke kitandani wala kujisafisha chooni bila msaada. Anayeishi peke yake, anayelea mtoto mdogo, au anayekula kwa nguvu za mikono yake ahesabu miezi hiyo kwa fedha na kwa majina ya watu watakaomsaidia.

Umri nao una neno. Ncha ya mtulinga iliyo karibu na kidari ndiyo ya mwisho kufunga katika mwili wote, kwa kawaida mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Kumfupisha mtulinga mtu wa miaka 19 ni kukata mfupa ambao haujamaliza kazi yake.

Kabla ya kukata chochote: vipimo vya nyumbani

Misuli ya bega huchukua sehemu kubwa ya upana unaoonekana, na huanza kupungua miezi 3 hadi 6 baada ya estrojeni kuanza kufanya kazi na testosteroni kushuka, ikiendelea kwa mwaka 1 hadi 2. Mafuta ya nyonga na makalio huchelewa zaidi. Hufikia ukomo kati ya mwaka wa 2 na wa 5. Kuamua kuhusu mabega katika mwezi wa 8 wa homoni ni kupima ugali ungali mbichi jikoni.

Pima upana wa bega hadi bega ukiwa umesimama wima katikati ya vitabu viwili vigumu vilivyobanwa kwenye ukuta, mikono ikining'inia. Rudia kila miezi 6, wala si kila wiki. Kwa picha, weka simu mbali kiasi cha mita 3, kimo cha kifua, ukitumia kipima muda. Picha ya kujipiga kwa mkono uliokunjwa haifai kwa uamuzi wowote: utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa mita moja na nusu. Kilicho karibu na lenzi huvimba, na mabega hayasalimiki.

Kisha chukua picha ileile na upunguze mabega sentimita 3 hadi 4 kwa programu ya picha. Katika nakala nyingine, acha mabega yalivyo na uongeze nyonga sentimita 2 kila upande, kiasi ambacho pedi ya nyonga ndani ya nguo hutoa. Waonyeshe watu wawili watatu unaowaamini bila kuwaambia kilichobadilika. Jicho la mtu haliyapimi mabega peke yake, huyasoma kwa kuyalinganisha na nyonga na kichwa, na mara nyingi nakala ya pedi ndiyo inayosomeka kike zaidi. Sauti, kivuli cha ndevu na paji la uso huzungumza kabla ya mabega kuonekana. Ndiyo maana mwenye fedha chache tungemshauri aanze na kuondoa ndevu kwa leza au sindano ya umeme na kujifunza sauti, kabla hajagusa mfupa wowote chini ya shingo.

Nyonga na makalio

Njia ya kawaida ni kunyonya mafuta tumboni na kuyadunga makalioni na nyongani. Sehemu ya mafuta hufa na kufyonzwa katika miezi ya kwanza, kwa hiyo matokeo ya wiki ya pili si matokeo. Kwa mwanamke mwembamba hakuna mafuta ya kutosha kuhamishwa.

Hatari yake kubwa haihusu urembo. Mwaka 2018 vyama kadhaa vya madaktari wa upasuaji wa urembo vilitoa onyo la pamoja kwamba upasuaji huu huenda ukaua mtu mmoja kati ya 3,000, kiwango kisichovumilika kwa jambo la hiari. Kinachoua kinaeleweka: mrija ukiingia ndani ya msuli wa makalio unaweza kuchana vena kubwa zilizo chini yake, mafuta hunyonywa na vena hizo, hupita moyoni na kuziba mapafu, wakati mwingine mgonjwa angali mezani. Kinga yake pia inaeleweka: mafuta yabaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu, na mrija uongozwe kwa ultrasaundi. Swali moja kwa daktari linatosha kumchuja: "Unadunga tabaka gani, na unajuaje kwamba uko hapo?" Asiye na jibu la mara moja aachwe.

Silikoni ya majimaji inayodungwa majumbani haina nafasi katika mizani hii. Hakuna kiasi salama. Huweza kuingia damuni na kuua siku hiyohiyo. Isipoua, hushuka miguuni, hugeuka vinundu vigumu, huleta majeraha yasiyopona, na mwili unaopambana na vinundu hivyo huweza kupandisha kalsiamu ya damu hadi figo zikafa. Matatizo hujitokeza hata baada ya miaka zaidi ya 10, na haiondoki yote kwa kisu kwa kuwa imechanganyika na nyama. Aliyekwisha kudungwa asione haya kumwambia kila daktari atakayemhudumia, kwa sababu sindano na upasuaji wa baadaye katika eneo hilo vinategemea taarifa hiyo.

Kupanua mfupa wenyewe, kwa vipande vya chuma vinavyofungwa kwenye ukingo wa fupanyonga, kuko mikononi mwa madaktari wachache mno. Ukingo huo ndio mahali misuli inayotuzuia kuyumba tunapotembea inaposhikilia. Ikibanduliwa na isishike vizuri, mtu huchechemea. Neva ya ngozi ya paja hupita jirani na ikiumia paja la nje huwaka au hufa ganzi. Pia muda wote wa kulala kwa ubavu mtu hulala juu ya chuma. Kwa sasa, pedi ya nyonga ina faida inayokaribiana na hiyo bila hatari yoyote, na tunalisema hilo bila kuwadharau wanaotamani kuivua.

Mbavu na kimo

Kuondoa mbavu za 11 na 12 hupunguza kiuno, na hazirudi. Karibu nazo kuna figo na ukingo wa utando wa pafu. Utando ukitoboka hewa huingia na pafu hunywea. Njia mpya zaidi haitoi ubavu: daktari huukata nusu unene kwa kifaa cha ultrasaundi kupitia tundu dogo, ubavu ukalegea, kisha mgonjwa hufungwa koseti, vazi gumu linalobana kiuno, karibu saa zote kwa takriban miezi 3 ili uungane ukiwa umeingia ndani. Asiyevumilia koseti hupoteza matokeo. Maumivu ya neva za kati ya mbavu yanaweza kudumu katika njia zote mbili.

Kufupisha miguu hufanywa kwa kutoa kipande cha fupapaja na kutia fimbo ya chuma ndani ya uboho. Ukomo wa kawaida ni kama sentimita 5 kwa paja, na pungufu ya hapo kwa muundi. Kinachoweka ukomo ni msuli. Mfupa hufupishwa kwa saa moja, ilhali msuli wa mbele ya paja hubaki na urefu wake wa zamani, umelegea, na goti halinyooki kwa nguvu kwa miezi mingi. Ongeza hatari ya damu kuganda na ya mafuta ya uboho kuingia mapafuni. Ipo pia hesabu ambayo hailetwi mezani: mikono haifupiki. Mtu wa sentimita 183 akishuka hadi 178, vidole vyake vinakaribia magoti kuliko mwanzo, na wengi huanza kuiona mikono.

Mfuko wa uzazi

Mtoto wa kwanza kuzaliwa kutoka mfuko wa uzazi uliopandikizwa alizaliwa Sweden mwaka 2014, na mama yake alikuwa mwanamke aliyezaliwa bila mfuko huo. Kwa mwanamke transijenda mambo ni tofauti kwenye mishipa ya damu, nafasi ya fupanyonga, uke uliojengwa, na dawa za kuzuia mwili kukikataa kiungo. Lili Elbe, mchoraji wa Denmark, alifariki Dresden mwaka 1931 baada ya upasuaji wa aina hii, wakati dawa hizo hazikuwapo. Sayansi imesogea mbali tangu hapo, ila bado hii si huduma ya kununua. Anayeitoa kwa bei nje ya utafiti uliosajiliwa na kusimamiwa na kamati ya maadili hapaswi kusikilizwa.

Kujikubali ni kazi yenye hatua

Kwanza, kujikubali hakumaanishi kurudi kwenye jinsia uliyoandikiwa ulipozaliwa. Wapo wanaotumia neno hili kuwasukuma wanawake transijenda waache homoni, na hilo ni jambo jingine kabisa, lenye madhara yanayojulikana. Hapa mwanamke anabaki mwanamke. Kinachojadiliwa ni mabega yake.

Pili, si kujiambia kwamba unayapenda mabega yako. Anayejilazimisha kupenda hushindwa na kuongeza kushindwa huko kwenye orodha ya kasoro. Tiba ya kukubali na kujitolea, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Steven Hayes katika miaka ya 1980, hulenga kitu cha chini zaidi na kinachowezekana: wazo "mabega yangu ni mapana" lije, likae, lisikuamulie kama utakwenda harusini. Tafiti za tiba hii kwa wanawake transijenda peke yao ni chache, na haki inadai tuseme hivyo kama tulivyosema kuhusu mitulinga. Tofauti ni kwamba ikishindikana haikuachii bamba mwilini.

Kwa vitendo, anza kwa kuhesabu. Kwa wiki 2 andika dakika unazotumia kila siku kujikagua kwenye kioo, kupima, kupitia picha zako na kujilinganisha na wengine. Zikizidi saa moja kwa siku kwa jumla, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili anayeijua dhiki ya jinsia, ile inayotokana na mwili kutolingana na jinsia ya mtu, na pia ule ugonjwa ambao mtu huona kasoro kubwa mwilini mwake pale wengine wanapoona ndogo au hawaioni. Hali hizi mbili zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na dawa zake hazifanani. Dhiki ya jinsia hupoa mwili unapobadilika. Ule ugonjwa wa pili mara nyingi huhama: mabega yakipona huanza nyonga, nyonga zikipona huanza mikono. Dalili ya kuitazama ni historia yako mwenyewe. Kama kila badiliko la nyuma, homoni, ndevu, uso, lilikuletea utulivu uliodumu, hiyo ni habari njema kwa badiliko lijalo. Kama kila moja lilikupa wiki 3 za amani kisha kasoro nyingine ikachukua zamu, kisu hakitaikomesha zamu hiyo.

Kioo nacho kina namna yake ya kutumiwa. Simama mbali kiasi cha kujiona mwili mzima, dakika 5, ukiueleza mwili kuanzia kichwani hadi miguuni kwa maneno ya rangi, umbo na mstari, bila neno la hukumu, na bila kukaa kwenye bega zaidi ya unavyokaa kwenye goti. Ondoa utepe wa kupimia chumbani. Punguza kurasa za picha za kabla na baada, ambazo huchaguliwa na muuzaji. Nguo zenye shingo ya umbo la V, mshono wa bega ulioingia ndani kidogo, rangi nzito juu na sketi inayofunguka chini hufanya kazi bila kukufundisha kujificha.

Kuna mipaka. Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer alieleza kwa kina namna ubaguzi, matarajio ya kubaguliwa na kujificha vinavyoharibu afya ya akili ya watu wa makundi ya walio wachache. Sehemu kubwa ya kinachoitwa chuki ya mwili ni hofu halali ya watu. Ikiwa dhara lako ni kutambuliwa na kushambuliwa, jiulize ni nini hasa kinachowafanya wakutambue. Kikiwa ni sauti au ndevu, mabega hayatakulinda.

Ukiwa bado unataka

Mtu mzima aliyekwisha kupitia haya yote anaweza kuamua kupasuliwa, na uamuzi huo ni halali yake. Jambo moja la kumtuliza: kwa mtu mzima, mifupa hii haikimbii. Mtulinga wa miaka 30 utakuwa na urefu uleule ukifika 34, na katika miaka hiyo mbinu itakuwa imeboreshwa au imeachwa. Kusubiri kuna bei, miaka ya dhiki haiuzwi bure, lakini ni uamuzi unaoweza kuubadilisha asubuhi yoyote.

Pima uimara wa mifupa kwa kipimo cha DEXA, hasa kama uliwahi kuzuia testosteroni bila estrojeni ya kutosha, au uliondolewa korodani kisha ukaruka homoni. Mwili usio na homoni yoyote kati ya hizo mbili hupoteza mfupa, na skrubu hazishiki vizuri. Zungumza kuhusu kuganda kwa damu: estrojeni ya vidonge huongeza hatari hiyo kuliko ya kupaka au ya kibandiko, na kubadilisha njia kabla ya upasuaji mara nyingi ni busara kuliko kusimamisha kwa ghafla.

Muulize daktari amefanya wangapi, wangapi amewaona tena baada ya miaka 2, mifupa mingapi haikuungana, na wagonjwa ambao hawakurudi amewahesabu wapi. Muulize nani atalipia upasuaji wa marekebisho na nani atakuhudumia jirani na unapoishi jeraha likitunga usaha siku ya 12, maana daktari wa karibu huenda hajawahi kuuona upasuaji huu. Omba uzungumze na mgonjwa ambaye mambo yalimharibikia, wala si yule wa kwenye tangazo. Na kabla hujaondoka hospitali, chukua ripoti ya upasuaji, picha za eksirei na maandishi yanayotaja kampuni, aina na ukubwa wa bamba na skrubu. Bila karatasi hiyo, daktari atakayeliondoa bamba miaka 5 baadaye, katika mji mwingine, anaweza kukuweka nusukaputi kisha akakosa bisibisi inayolingana na skrubu zako.